Ndoo Iliyorudi Imejaa

Hotuba hii niliitoa mwezi Julai mbele ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii waliokuwa wanahitimu mafunzo yao, katika ukumbi wa kanisa pembezoni mwa Jiji la Mbeya. Sikuwa na karatasi. Nimeiandika upya kwa kumbukumbu baada ya vijana kadhaa kuniomba, na nimepunguza utani kidogo tu.

Mgeni rasmi, waratibu wa mafunzo, watendaji wa kata na vijiji, wachungaji na mashehe, wazazi, na ninyi wahitimu wenye shughuli yenu leo: shikamooni wakubwa zangu, na wadogo zangu hamjambo. Waliotoka Iringa na Njombe, kamwene. Wa Rungwe na Kyela, ugonile. Naona mmevaa makoti humu ndani, kwa hiyo sitawaweka sana. Ubaridi wa Julai hapa Mbeya haujui mgeni rasmi ni nani.

Mratibu aliponipigia simu alisema, "Mzee, njoo utuambie ni nini kinachomsukuma mtu alinde afya yake wakati wa janga." Nikamuuliza kwa nini asimwite daktari. Akajibu kwamba madaktari wanaujua ugonjwa, yeye anamtaka mtu anayewajua watu. Sifa hiyo niliipokea kwa furaha, lakini usiku nikaona nimeingia mtegoni. Nimekuwa bwana afya kwa zaidi ya miaka thelathini, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo nilidhani jibu ninalo. Lilikuwa mfukoni mwangu. Lilikuwa kitabu cha faini.

Nianze na aibu yangu, halafu nyingine zitakuwa rahisi.

Katika kijiji kimoja cha milimani nilipita nyumba kwa nyumba nikikagua vyoo. Kila kaya ilikuwa nacho. Nikaandika asilimia mia moja, nikasaini, nikapewa na kuku wa kuondokea. Mvua zilipoanza, pikipiki ikaniharibikia karibu na kijiji kilekile, nikajikuta nabisha hodi kwenye nyumba moja niliyoikagua. Tumbo likanisumbua, nikaomba choo. Mwenye nyumba akasita. Akamvuta mke wake pembeni, wakanong'onezana, kisha mtoto akatumwa akatoe kwanza magunia mawili ya pumba, na kuku aliyekuwa ameatamia mayai. Wenyewe walikiita "choo cha bwana afya". Cha kwao kilikuwa migombani.

Niliudhika sana siku ile. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba yule mzee hakuwa mjinga wala mkaidi. Alikuwa amepima. Hatari aliyoiona ilikuwa mimi, na kinga dhidi yangu ilikuwa kuta nne za matete na shimo la futi tatu. Hatari hiyo aliikinga barabara. Kuhara hakukuwa kwenye hesabu yake, kwa sababu mimi mwenyewe sikuwahi kumweleza habari za kuhara. Nilimweleza habari za sheria ndogo ya halmashauri.

Sasa tuje 2020. Tarehe 16 Machi ikatangazwa kwamba mgonjwa wa kwanza wa korona amepatikana Arusha. Kesho yake shule zikaanza kufungwa. Mimi nilipangiwa kusimamia mlango mmoja wa soko hapa mjini: ndoo kubwa yenye koki, karai, sabuni ya kipande iliyofungwa kamba ili isitembee. Wiki za kwanza tuliijaza ndoo ile mara nne kwa siku. Watu walinawa mpaka viwiko kama wanakwenda chumba cha upasuaji. Mtu akipiga chafya ndani ya daladala, konda alikuwa anabaki na siti tupu.

Kufika katikati ya Juni ndoo ikaanza kurudi jioni imejaa. Siku moja, siku ya pili, wiki nzima. Nikaandika kwenye ripoti: jamii imepuuza. Mtalijua neno hilo vizuri kazini. Mkilikuta kwenye ripoti, jueni aliyeiandika hakumuuliza mtu yeyote.

Aliyenizindua alikuwa mama mmoja muuza viazi, kajifunga vitenge viwili juu ya sweta, lumbesa zake zimepangwa nyuma yake kama ukuta. Nilimsimamisha kwa ukali: "Mama, mbona unapita hunawi?" Akanitazama akasema, "Baba, wewe maji hayo umeshayanawa leo?" Sikuwa nimeyanawa. Nikafungua koki mbele yake kumwonyesha mfano. Wenzangu wa Uyole, wa Makete, wa Mufindi, mnajua ninachotaka kusema. Asubuhi za Juni na Julai huku kwetu kipimajoto hushuka chini ya nyuzi kumi, na maji yaliyolala nje usiku kucha yanauma mpaka kwenye mfupa. Nilihesabu mpaka tano nikatoa mikono. Yule mama akasema, "Sasa mimi nikinawa hayo, viazi nitamenya na vidole vya nani?" Akapita.

Hatua ishirini kutoka pale palikuwa na mama ntilie. Naye alikuwa na ndoo yenye koki, ileile aina, rangi ileile. Lakini kila akiinjika maji ya chai alimimina sufuria moja kwenye ndoo ya kunawia. Ndoo yake ilikuwa inaisha kabla ya saa sita. Vijana wa bajaji walikuwa wananawa kwake hata kama hawali, kisha wanasimama wanapangusana mikono wakisema ahaa. Nilipomuuliza kama amefanya hivyo kwa ajili ya korona, alicheka: "Korona? Mteja akinawa ya moto anakaa, akikaa anaagiza na chapati."

Watu wa vyuoni wana jina la jambo hili. Mwaka 1975 mwanasaikolojia wa Marekani aitwaye Ronald Rogers aliandika nadharia kuhusu kinachomfanya mtu ajikinge, na baadaye akaipanua. Kwa lugha yetu ya sokoni anasema mtu ana mizani mbili kichwani. Kwenye ya kwanza anapima ugonjwa: je, ni mkubwa, na je, unaweza kunipata mimi? Kwenye ya pili anapima kinga: je, inafanya kazi, ninaiweza, na itanigharimu nini? Hata kabla yake, miaka ya 1950, wataalamu wa afya huko huko Marekani walikuwa wakijiuliza kwa nini watu hawajitokezi kupigwa picha ya kifua kugundua kifua kikuu, bure, na gari la picha limeletwa mpaka mtaani kwao.

Sisi wa idara, nikiwemo mimi, huwa tunashughulika na mizani ya kwanza peke yake. Tunaongeza uzito wa ugonjwa: picha za kutisha, king'ora, spika juu ya gari. Tunadhani hofu ikiwa kubwa, kinga nayo itakua. Rogers na waliomfuata waliona jambo jingine ambalo yeyote aliyelea watoto analijua. Ukimtisha mtu sana bila kumpa njia anayoiweza, hajikingi. Anafumba macho. Anasema ugonjwa haupo, au ni wa wazungu, au ni wa Dar es Salaam, au Mungu amekwisha kuandika. Hofu isiyo na mlango wa kutokea hugeuka ubishi, na ukikutana na mbishi wa namna hiyo usimwongezee hofu. Mtafutie mlango.

Ndiyo maana sikuwahi kuwacheka waliojifukiza. Mnakumbuka nyungu? Majani ya mkaratusi, tangawizi, mchaichai, blanketi juu, jasho linatiririka. Kama bwana afya niliwaambia watu kwamba mvuke hauui kirusi na maji ya moto yanaunguza watoto, na ninalirudia hilo leo. Lakini tazameni nyungu kwa macho ya mizani ya pili. Majani yako nyuma ya nyumba. Gharama yake ni kuni. Unaifanya wewe mwenyewe, na mkeo, na jirani, mkiwa mmekaa pamoja. Inakupa kitu cha kufanya jioni hiyohiyo. Sisi tulikuwa tunamwambia mtu: usishike, usisalimie, usikusanyike, usiende. Usi, usi, usi. Nyungu ilimwambia: njoo, keti, vuta pumzi. Nani angeshinda?

Takwimu mnazikumbuka pia. Za mwisho kutangazwa mwaka ule zilikuwa wagonjwa 509 na vifo 21, halafu kukawa kimya. Mwezi Mei Zambia ikafunga mpaka wake wa Nakonde kwa siku kadhaa, malori yakapanga foleni Tunduma, na madereva wakawa ndio redio yetu. Sikuja hapa kufungua siasa za wakati ule, wenyewe mlikuwepo. Ninachotaka mkione ni jambo moja la kazi yetu. Mwanzoni mwa 2021, namba zikiwa bado kimya, nilipita mtaa mmoja baada ya mwingine nikaona ndoo zimerudi milangoni. Hakuna aliyeamuru. Mikono ya watu ilikuwa imechoka kubeba majeneza, basi. Na Januari mwaka huo Askofu Mkuu wetu wa Mbeya, Gervas Nyaisonga, akiwa Rais wa Baraza la Maaskofu Katoliki, aliwaandikia waamini kuwatahadharisha, akawakumbusha kwamba nchi yetu si kisiwa. Mimi ni Mmoraviani, lakini Jumapili ile majirani zangu Wakatoliki walirudi kutoka misa wamevaa barakoa, na Jumapili iliyofuata sisi Wamoraviani nasi tukazitoa kabatini. Mtu husikiliza kinywa kilichomzika baba yake na kumbatiza mtoto wake. Spika ya halmashauri haijawahi kumzika mtu.

Nimetaja kuzika, sasa tukae hapo kidogo, maana hapo ndipo shule yangu kubwa ilipokuwa.

Huku Unyakyusani msiba si wa nyumba moja. Wanaotoka nje ya mkoa hushangaa wakiona ukoo, kijiji na kijiji jirani vimehamia kwenye uwanja mmoja, sufuria zimepangwa, watu wanalala hapo. Mtu asiyefika kwenye msiba wa jirani ameandikwa kwenye daftari ambalo halifutiki. Swali ni moja: siku yako ikifika, nani atakuzika? Sasa uje wewe na fulana ya mradi umwambie mtu huyo asiende msibani kwa sababu kuna kirusi. Atapima. Upande mmoja kuna homa ambayo huenda ikampata na huenda ikapita. Upande wa pili kuna kuzikwa na watu watano. Mimi nilijaribu. Nilikwenda kwenye msiba mmoja na tangazo la kuzuia mikusanyiko. Wazee waliniitikia kwa adabu zote, wakanipa kiti, wakanipa chai, na watu wakaendelea kumiminika.

Aliyefanya kazi yangu siku ile alikuwa bibi mmoja anayeongoza kina mama wapishi wa misibani. Alikaa langoni na birika la maji ya moto na kipande cha sabuni ndani ya kisahani. Kila aliyefika alimzuia kwa mkono. "Mwanangu, ndani yupo mama wa marehemu, ana miaka themanini na kitu. Amemzika mtoto, tusimzike na yeye. Nawa kwanza, ndipo ukamlilie." Na akaongeza, "Mkono weka kifuani, atakuona." Hakutaja korona hata mara moja. Hakusema wewe utaugua. Watu walinawa wote, hata diwani, na mlevi mmoja wa pale kijijini alinawa mara mbili kwa unyenyekevu. Mikono ikawekwa kifuani. Na daftari la msiba halikuharibika, maana kila mtu alikuwa amefika.

Miaka mingi nilidhani lile lilikuwa jambo la kwetu tu, ukarimu wa bibi. Kumbe wako watu waliolipima hospitalini. Mwaka 2011 Adam Grant na David Hofmann walichapisha utafiti uliofanyika katika hospitali moja ya Marekani. Kwenye vyombo vya sabuni na dawa ya mikono waliweka vibao viwili tofauti. Kimoja kiliwaambia wahudumu kwamba kunawa mikono kunakukinga wewe na magonjwa. Kingine kilikuwa maneno yaleyale, ila badala ya wewe kiliandikwa wagonjwa. Tofauti ni neno moja. Kibao cha "wewe" hakikubadilisha kitu. Kwenye kibao cha "wagonjwa", sabuni ikatumika zaidi. Na hao walikuwa madaktari na wauguzi, watu wanaoijua bakteria kwa jina na ukoo! Mtu akijifikiria yeye mwenyewe hujiona chuma: mimi siugui, nimezoea. Akimfikiria mgonjwa aliyelala mbele yake, chuma kinaisha.

Mnaotoka Njombe na Iringa mnaweza kusema korona ilikuja ikapita, sisi tuna janga letu la tangu zamani. Ni kweli. Katika utafiti wa kitaifa wa 2022 na 2023, kiwango cha maambukizi ya VVU kwa watu wazima kilikuwa asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 hapa Mbeya, wakati wastani wa nchi ulikuwa 4.4. Janga la namna hii halina ndoo ya mlangoni. Linataka mtu ajilinde leo, kesho, na miaka ishirini ijayo, na hakuna hofu inayodumu miaka ishirini. Hofu ni moto wa majani makavu.

Nitawapa habari ya tohara, naomba wachungaji mnivumilie. Utafiti uliofanyika Afrika Kusini, Kenya na Uganda ulionyesha kwamba tohara hupunguza kwa takriban asilimia 60 uwezekano wa mwanamume kuambukizwa VVU na mwanamke. Iringa ya wakati ule, Njombe ikiwa bado ndani yake, wanaume wengi hawakuwa wametahiriwa, na huduma ilipoanza kutolewa bure kuelekea 2010 tulitegemea watu watakuja kwa sababu ya hiyo asilimia 60. Wachache walikuja kwa hiyo. Wengine walikuja kwa sababu ya usafi. Wengine kwa sababu ya maneno ya wanawake. Vijana walikuja kwa sababu wenzao wa bweni wamekwenda. Na walikuja kwa wingi majira ya baridi, Juni mpaka Agosti, kwa sababu imani ya watu ni kwamba kidonda hupona haraka wakati wa baridi. Mtaalamu mwenye kiburi angesema kidonda hakina kalenda. Waliokuwa na akili walipanga kampeni zao kwenye baridi hiyohiyo.

Halafu kukawa na kitendawili: wavulana wanajaa, wanaume wazima hawaonekani. Wakaanza kuulizwa, na jibu likatoka taratibu. Baba wa miaka arobaini hawezi kukaa kwenye benchi moja na mtoto wa jirani aliyevaa kaptula ya shule. Anaona haya. Akiitwa jina, kijiji kizima kitajua kwamba miaka yote ile alikuwa hajatahiriwa. Kirusi anakiogopa, ndiyo, lakini benchi analiogopa zaidi. Dawa yake haikuwa somo la ziada kuhusu kirusi. Ilikuwa ni kuwatengea watu wazima nafasi yao, mbali na watoto. Nimeona kampeni zikianguka kwa sababu ya benchi. Mkifika kwenye vituo vyenu, kabla hamjabandika bango, kaeni kwenye benchi la wagonjwa nusu saa mtazame nani anamwona nani.

Aibu ile inanikumbusha kikombe cha Babu. Wadogo labda mlikuwa shuleni. Mwaka 2011 watu kutoka kila kona ya nchi, na huku kwetu wakiwemo, walisafiri mpaka kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa dawa ya Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile. Kikombe kimoja, shilingi 500. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi, watu wakalala porini siku kadhaa. Watu haohao ambao sisi tuliandika kwamba wamepuuza! Wanaoshindwa kwenda zahanati iliyo bonde la pili! Baadhi yao waliacha dawa za kufubaza VVU kwa kuamini wamepona, na wapo waliopoteza maisha, hilo tusilipake rangi. Lakini nilimuuliza jirani yangu aliyekwenda kwa nini alikubali tabu ile. Hakusema ni miujiza. Alisema, "Pale hakuna aliyeniuliza naumwa nini." Kikombe cha mwenye sukari na cha mwenye virusi kilikuwa kimoja, bei moja, foleni moja, na waziri alikuwa kwenye foleni hiyo. Nilipokumbuka dirisha letu la dawa, lile ambalo watu wakisimama tu kila mtu anajua wamefuata nini, nilinyamaza.

Kuhusu chanjo nitapita haraka. Ilizinduliwa nchini tarehe 28 Julai 2021, na mwanzoni mwa 2022 bado tulikuwa miongoni mwa nchi za nyuma kabisa kwa idadi ya waliochanjwa. Baada ya hapo chanjo ikaondoka hospitalini ikawafuata watu mnadani, kanisani, shambani, mlangoni, na namba zikapanda sana. Hoja zilikuwa zilezile, kilichopungua ni hatua za kutembea. Na msidharau sababu ya mtu. Dereva wa lori aliyechanjwa ili asikwame Tunduma siku nne amechanjwa sawasawa na aliyechanjwa kwa kuelewa kila sentensi ya kipeperushi. Sindano haiulizi nia.

Kitu kimoja zaidi, halafu nikae.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili mwaka 1973, kijijini kwetu Rungwe, serikali ilipoanzisha kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa wiki kumi na mbili vikundi vya watu wazima, jumla yao ikafika kama milioni mbili nchi nzima, vilikusanyika kusikiliza Radio Tanzania na kusoma vijitabu kuhusu malaria, minyoo, kichocho, kuhara. Kikundi cha baba yangu kilikuwa kinakutana chini ya mwembe wa balozi wa nyumba kumi, redio moja, betri zinaanikwa juani ziongeze nguvu. Kipindi kikiisha redio inazimwa. Hapo ndipo mambo yalipokuwa yanaanza. Kiongozi wa kikundi hakuwa mtaalamu, alikuwa jirani aliyefundishwa kidogo kuongoza mazungumzo. Alikuwa anauliza swali moja: haya, kwetu hapa ikoje? Wanabishana mpaka jua linazama. Wiki moja wakakubaliana kuchimba vyoo, na wakakubaliana pia nani aanze, wamsaidie, kisha wahamie kwa mwingine, kama wanavyolima kwa zamu.

Choo cha baba kilichimbwa siku ya Jumamosi na wanaume saba. Mimi nilibeba udongo. Mama alipika makande ya kutosha kijiji. Hakuna bwana afya aliyekuja, hakuna faini, na wala sikumbuki mtu akitaja kifo. Nakumbuka walivyokuwa wanataniana kwamba shimo la baba lisiwe fupi kuliko la mwenzake wa ng'ambo ya mto. Choo kile kilitumika mpaka nilipomaliza darasa la saba, na kilipojaa baba alichimba kingine bila kuambiwa. Nilikisahau kabisa. Nikaenda chuo, nikapewa cheti na kitabu cha faini.

Asanteni kwa kunisikiliza. Ndaga fijo.

Hapo nilikaa. Lakini mratibu akaruhusu maswali, na swali la kwanza likatoka kwa binti aliyekuwa amekaa karibu na mlango. Alisimama, akaniamkia vizuri, akasema: "Babu, wewe mwenyewe ulichanjwa lini?"

Ukumbi ulicheka kabla sijajibu. Ningeweza kukwepa, nina umri wa kukwepa. Nikamwambia ukweli. Chanjo ilifika Mbeya, nikaisimamia, nikabeba maboksi, nikawahimiza watu kwa spika, na mimi sikuchanjwa. Nilikuwa najiambia nitakwenda foleni ikipungua. Agosti ikapita, Septemba ikapita. Nilikuwa nimesoma, namfahamu Rogers na mizani zake mbili, na nilikuwa nimefumba macho kama yule mzee mwenye pumba chooni. Oktoba binti yetu akajifungua. Nikatoka kazini mbio, nikafika nyumbani, nikanyoosha mikono nimpokee mjukuu. Mke wangu akamgeuzia mtoto upande wa pili.

"Kadi yako iko wapi?" akauliza.

Nikasema nimesahau ofisini. Akasema, "Basi mtoto naye kasahau babu yake."

Ilikuwa Ijumaa. Jumatatu saa mbili asubuhi nilikuwa wa kwanza kwenye benchi.